Chungu Bila Mlaji: Kumsoma Bruda Lawrence kwa Macho ya Kilutheri

Miongoni mwa vitabu vya ibada vinavyopita mikononi mwa wanafunzi wa theolojia, na ambavyo wachungaji hupenda kuvitolea mifano mimbarani, kimo kijitabu kimoja chembamba kilichotoka katika jiko la watawa mjini Paris. Jina lake, tukilitafsiri, ni Zoezi la Kuwapo kwa Mungu. Mara nyingi hutajwa kwa picha moja tu, yaani mpishi aliyekuwa akigeuza kimanda chake kikaangoni kwa ajili ya kumpenda Mungu. Picha hiyo ni nzuri. Wasikilizaji huipokea kwa furaha, hasa akina mama, kwa sababu ni nadra kusikia jiko likitajwa mimbarani isipokuwa kwa kulaumiwa. Lakini kitabu si picha moja. Makala hii yakusudia kukichunguza chenyewe: chatufundisha nini juu ya Mungu kuwapo katika maisha ya kila siku, na je, Mlutheri aweza kukipokea chote? Maoni yangu ni kwamba aweza kupokea sehemu kubwa kwa shukrani. Hata hivyo, limo jambo moja ambalo asipoliangalia litamwumiza, na litawaumiza zaidi watu wale wale wenye kazi nyingi ambao kitabu kinaonekana kuwafariji.

Mwenye mafundisho haya aliitwa Nicolas Herman, naye alizaliwa yapata mwaka 1614 katika nchi ya Lorraine. Alipokuwa kijana wa miaka 18 aliuona mti uliopukutika majani wakati wa baridi, akatafakari kwamba muda si mrefu majani, maua na matunda yangerudi. Tangu siku ile wazo la maongozi ya Mungu halikumtoka. Alikuwa askari katika Vita vya Miaka Thelathini, akajeruhiwa. Kisha akawa mtumishi wa nyumbani kwa bwana mmoja mtunza hazina, na mwenyewe alikiri kwamba alikuwa mtu asiye na wepesi wa mikono, aliyevunja kila alichokishika. Mwaka 1640 aliingia katika monasteri ya Wakarmeli mjini Paris, si kwa kuwa padre bali bruda, akapewa jina la Lawrence wa Ufufuko. Wakamweka jikoni. Kazi hiyo aliichukia kwa tabia yake, lakini alikaa humo miaka kama 15, na baadaye akahamishiwa kwenye kazi ya viatu. Alifariki tarehe 12 Februari 1691.

Kitabu hakukiandika yeye kama kitabu. Padre Joseph de Beaufort, aliyemtembelea kwa mara ya kwanza mwaka 1666, aliweka kumbukumbu ya mazungumzo manne, akakusanya barua na mausia yake, akavitoa baada ya kifo cha bruda huyo, mwaka 1692 na 1694. Msomaji hana budi kulikumbuka jambo hili. Katika mazungumzo tunamsikia mpishi aliyepita katika kalamu ya msomi; na zile barua ni za uzee wake, alipokuwa amekwisha kutoka jikoni. Kwa hiyo jiko lenyewe twaliona kwa mbali, na moshi wake hautufikii machoni. Aidha, kijitabu hiki kilipata shida kwao, kwa maana mabishano yaliyotokea Ufaransa juu ya watu waliofundisha utulivu wa roho usio na matendo yalikitia mashakani. Waliokitunza zaidi ni Waprotestanti: Pierre Poiret alikichapisha upya, na John Wesley akakifupisha kwa ajili ya wahubiri wake. Kilitufikia, basi, kikiwa kimekwisha kuvaa nguo za kwetu, na labda ndiyo sababu Mlutheri wa Kilimanjaro au wa Bukoba hukisoma bila kujiuliza maswali mengi.

Kwanza tuseme mema yake, nayo si machache. Bruda Lawrence hakubali kwamba kuna saa za Mungu na saa zisizo za Mungu. Kwake saa ya sala haikutofautiana na saa ya kazi. Katikati ya makelele ya jikoni, watu kadhaa wakimwita kwa mara moja, alikuwa na utulivu ule ule aliokuwa nao akipiga magoti. Kuokota unyasi mmoja kutoka chini kwa ajili ya kumpenda Mungu lilikuwa kwake tendo la ibada. Ukristo wetu umezoea kugawa mambo katika mafungu mawili, ya kiroho na ya kidunia, na kuweka mkesha katika fungu la kwanza na kufua nguo katika fungu la pili. Kwa mgawanyo huo kijitabu hiki ni dawa. Tena hakuna humo maono, wala ndoto, wala sauti za ajabu. Mtu akikosea, asema Lawrence, akiri kosa lake mbele za Mungu kwa unyofu, kisha arudi kazini bila kujitesa. Mlutheri anayelijua fundisho la Ubatizo kuwa ni kufa na kufufuka kila siku atasikia hapa sauti ya jamaa yake.

Lakini neno lile la kwanza katika jina la kitabu, yaani zoezi, latudai tusimame. Ni zoezi la nini? Ni la kukumbuka. Lawrence afundisha kwamba mtu azoee kuzungumza na Mungu ndani ya moyo wake pasipo kukoma, na nia yake ikitangatanga airudishe kwa upole, tena na tena, mpaka kukumbuka huko kuwe kama tabia. Anakiri kwamba mwanzoni ni kazi ngumu, nayo yahitaji bidii; yeye mwenyewe aliteseka kwa muda wa miaka 10, na kwa miaka 4 alisadiki kwamba amepotea milele. Alitokaje katika shida hiyo? Aliazimia kuendelea kumpenda Mungu, liwalo na liwe, apotee au aokoke. Mtu hawezi kusoma habari hii bila heshima. Lakini mwanafunzi wa Luther atatazama pia ni nini kilichokosekana katika saa ile. Haitajwi ahadi yoyote aliyoishika, wala neno la ondoleo lililotoka nje yake, wala Ubatizo wake. Katika giza lile alisimama juu ya azimio la moyo wake mwenyewe. Luther naye alipita katika giza la namna hiyo akiwa mtawa, na jambo alilojifunza ni kwamba moyo ndicho kitu cha mwisho ambacho mtu aweza kukitegemea.

Lugha yetu inatupatia hapa kipimo kizuri kuliko nyingi za lugha za Ulaya. Sisi twasema Mungu yuko, Mungu yupo, na Mungu yumo, na kila tamko lina mahali pake. Yuko ni kwa ujumla, pasipo kutaja mahali dhahiri. Hata mpagani hukiri kwamba Mungu yuko. Yumo ni ndani. Yupo ni hapa, mahali panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Bruda Lawrence ni mwalimu wa yumo. Mungu wake yumo moyoni, na kazi ya mwamini ni kuingia ndani kila mara kumsalimu. Luther hakukana hayo, lakini alipoandika mwaka 1527 juu ya Chakula cha Bwana alikazia tofauti kati ya Mungu kuwa kila mahali na Mungu kuwapo kwa ajili yako, mahali alipojifunga kwa Neno lake ili umpate. Kwake Mungu yupo: katika maji haya, katika mkate huu, katika neno la ondoleo linalotamkwa na kinywa cha mtu mwingine. Na yupo, kwa njia nyingine iliyositirika zaidi, nyuma ya mama anyonyeshaye, mkulima alimaye na hakimu aamuaye kwa haki. Watu hao Luther aliwaita vinyago ambavyo Mungu amevivaa ili awape watu riziki yao bila wao kumwona.

Yakobo alipolala Betheli kichwa chake kikiwa juu ya jiwe, hakuwa akifanya zoezi lolote. Alikuwa mkimbizi aliyechoka, tena mdanganyifu, naye alikuwa usingizini. Alipoamka ndipo alipotambua, na kwa namna ya kushangazwa, kwamba Bwana alikuwapo mahali pale na yeye hakujua. Biblia yetu ya Kiswahili imetumia hapo neno yupo, nami naona watafsiri walichagua vema. Kuwapo kwa Mungu kulitangulia kujua kwa Yakobo. Vivyo hivyo katika Mathayo 25: wale walioko mkono wa kuume walimlisha Kristo, wakamvika, wakamtazama gerezani, na siku ya mwisho wanauliza ni lini walimwona. Hawakukumbuka. Walikuwa wakimtazama mwenye njaa. Kama kukumbuka ndiko kunakomleta Mungu karibu, basi kondoo hao wasingekuwa na nafasi katika ufalme; nao ndio walioingia.

Hapa nafikia udhaifu mkubwa wa kijitabu, ambao nashangaa kwamba hautajwi mara nyingi. Soma mazungumzo yote manne, kisha soma barua. Utakuta jiko, utakuta kikaango, utakuta hata safari ya kwenda kununua mvinyo Burgundy, ambako yule bruda mwenye mguu mbovu alilazimika kujiviringisha juu ya mapipa ili kusogea ndani ya chombo. Lakini waliokula chakula chake hawaonekani. Hatuambiwi kama kilikuwa kitamu, wala kama ndugu wagonjwa walipewa mchuzi laini, wala kama kuna aliyekosa. Kimanda kinageuzwa kwa ajili ya Mungu. Kikiisha kuiva, mpishi, akiwa hana kazi nyingine, anasujudu sakafuni. Nani alikila? Kazi inapanda juu moja kwa moja kwenda kwa Mungu, na jirani anabaki mezani mbele ya sahani tupu. Luther angekigeuza kimanda kile kwa upande mwingine. Mungu hana njaa, wala hahitaji kazi ya mikono yetu. Mwenye njaa ni jirani, na upendo wa Mungu unashuka kwake kwa njia ya mkono ulioshika mwiko. Gustaf Wingren, mwanatheolojia wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1942 juu ya fundisho la Luther la wito, ameonyesha jambo hili kwa mapana: imani huelekea juu, kazi huelekea kwa jirani, na mtu akivichanganya viwili hivyo hupotewa na vyote.

Mtu aweza kudhani kwamba huu ni ubishi wa darasani. Sivyo. Katika barua za mwisho, Lawrence anamwandikia mtu aliyekuwa katika maumivu ya muda mrefu. Anamfariji kwa upole, na mengi asemayo ni kweli, kwamba Mungu mara nyingi yu karibu zaidi na mgonjwa kuliko na mzima. Lakini anaendelea kumshauri asimtegemee tabibu mwingine, kwa kuwa anaona Mungu amejiwekea mwenyewe kazi ya kumponya. Ushauri huu ni mbaya, tena ni mbaya kwa sababu unatoka moja kwa moja katika mafundisho yake. Ikiwa Mungu hukutwa ndani ya moyo tu, basi dawa na daktari husimama nje kama washindani wake. Sisi katika nchi hii tumewazika watu walioambiwa maneno ya namna hii. Wapo waliofundishwa kwamba kumeza vidonge ni dalili ya imani haba, wakaviacha, na familia zao zikabaki na watoto. Waliowaambia hawakuwa wamemsoma Bruda Lawrence, na si haki kumtwika mzigo wao. Lakini mchungaji anayekitoa kijitabu hiki kwa mgonjwa bila kuondoa ushauri huo, ajue anatoa nini.

Yoshua bin Sira, ambaye Luther alimweka katika Biblia yake ya mwaka 1534 miongoni mwa vitabu vinavyofaa kusomwa, anasema katika sura ya 38 kwamba Mungu ndiye aliyemfanya tabibu na kuziotesha dawa katika ardhi. Hiyo ni theolojia ya yupo. Muuguzi anayempindua mgonjwa saa nane za usiku ili asipate vidonda vya mgongoni, huku akifikiri juu ya watoto wake aliowaacha nyumbani na mshahara ambao haujaingia, hamkumbuki Mungu katika dakika ile. Mgonjwa naye, kwa homa, hamkumbuki. Je, Mungu hayupo katika chumba kile? Kwa kipimo cha zoezi, itabidi tujibu kwa kusitasita. Kwa kipimo cha Katekisimo Ndogo, inayohesabu hata majirani wema katika mkate wetu wa kila siku, jibu ni jepesi.

Nirudi jikoni. Katika sikukuu za usharika na mikutano ya Injili huwapo nyuma ya kanisa akina mama wanaopika. Maji yamewekwa mafigani tangu alfajiri, mchele unachaguliwa, watoto wamefungwa mgongoni. Mahubiri huwafikia vipande vipande kwa kipaza sauti, tena upepo ukikubali. Nimepata kumsikia mhubiri akiwaambia mwishoni, kwa nia njema, kwamba wao siku ile wamekuwa akina Martha na wamekosa fungu lililo jema; kisha akaenda kula. Bruda Lawrence angewatetea akina mama hao, lakini nusu. Angesema kwamba wangeweza kumwabudu Mungu hapo hapo penye moshi, kama wangeielekeza mioyo yao kwake wakati wa kukoroga. Ni kweli, wangeweza; na baadhi yao bila shaka walifanya hivyo, maana niliwasikia wakiimba. Lakini kwa yule ambaye hakuimba, ambaye mtoto alilia na sufuria ikataka kuungua, Lawrence ana neno moja tu: ajaribu tena kesho. Amepewa sheria mpya juu ya ile ya zamani. Zamani alidaiwa mikono, sasa adaiwa mikono na nia.

Luther ana neno tofauti. Katika maandiko yake ya mwaka 1522 juu ya ndoa anamtaja baba anayefua nepi za mtoto na kuchekwa na wenzake, naye asema kwamba Mungu pamoja na malaika wote hufurahi, si kwa sababu ya nepi bali kwa sababu afanya hayo katika imani. Na katika Katekisimo Kubwa anaiweka kazi ya kijakazi mwaminifu juu ya saumu na mavazi ya watawa wa Kartusi. Tuangalie sana neno imani hapo. Luther hamaanishi kwamba baba yule alikuwa akimwaza Mungu kila alipotia nepi majini. Imani ni kujua, kwa sababu umeambiwa, kwamba kazi hii imewekwa na Mungu na kwamba wewe umekwisha kupokewa kwa ajili ya Kristo kabla hujaianza. Mtu aweza kulisahau jambo hilo kwa saa nane na bado likawa kweli. Mtoto aliyeko mgongoni hafanyi zoezi la kumkumbuka mama.

Haya nikiisha kuyasema, sina budi kuwageukia Walutheri wenzangu, kwa maana fundisho letu la wito nalo lina maradhi yake. Tumelishika kwa ukavu hata limekuwa ruhusa ya kufanya kazi mwaka mzima pasipo kumtaja Mungu hata mara moja, halafu tukaiita hali hiyo uhuru wa Injili. Luther mwenyewe hakuishi hivyo. Alimwekea mkuu wa nyumba sala ya asubuhi na ya jioni, ishara ya msalaba, Imani na Baba Yetu, kisha aende kazini kwa furaha na jioni alale bila wasiwasi. Hilo nalo ni zoezi, ila ni fupi, na lina mwisho. Aidha, neno wito limetumika kuwaambia walio chini wakae chini. Luther alipowaandikia wakulima mwaka 1525 hakutenganisha sana kati ya wito na minyororo. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kilimanjaro tangu mwaka 1902 hadi 1938, ukiacha miaka aliyozuiwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliona kwa jicho la pekee kwamba Mungu yu kazini katika ukoo, ujirani na rika za Wachaga. Sisi tulio warithi wake twapaswa kumshukuru kwa hilo. Lakini alivipenda vifungo hivyo kiasi kwamba ilikuwa vigumu kwake kuwasikia vijana na wanawake waliobanwa navyo. Mungu kuwapo jikoni hakumaanishi kwamba jiko lisijengewe bomba la moshi, wala kwamba wanaume wasichukue zamu.

Katika jambo hili Bruda Lawrence ana fundisho ambalo halimo katika maandishi yake bali katika mwenendo wake. Kazi ile hakuipenda, na hakudanganya kwamba anaipenda. Hakusema jiko ni zuri. Watu wanaowahubiria wapishi, nami nimo, mara nyingi hatuna unyofu huo.

Kwa hiyo nisingemkataza mwanafunzi kukisoma kijitabu hiki. Ningemwomba akisome na Katekisimo Ndogo ikiwa wazi kando yake, na kila anapokutana na shauri la kukumbuka, aulize ni nini tayari kimekwisha kutendwa kabla ya kukumbuka huko. Ningemwomba pia asimsomee mgonjwa zile barua za mwisho mpaka kwanza amwulize kama amekunywa dawa zake.

Na asiache kusoma habari za kufa kwake. Katika masimulizi hayo bruda mzee, mwenye maumivu ubavuni, anataka kulalia upande ule ule unaomwuma, apate kuteseka kidogo kwa ajili ya Mungu. Pale kitandani yupo ndugu mmoja anayemwuguza, naye anajaribu kumgeuza upande mwingine ili apumzike. Lawrence anamshukuru na kumwomba amwache. Wasomaji wote humtazama mzee. Mimi kila nikifika hapo humtazama yule ndugu, ambaye alinyosha mikono, akakataliwa kwa upole, akaendelea kukaa.